Tikiti Halionyeshwi kwa Kidole

Sogeeni, mliochoka, hii ni ya mchovu mwenzenu.

Bi Mwanashuru alikuza matikiti nyuma ya jiko, akiyachotea maji hata mgongo ukapinda. Kwao, tikiti halionyeshwi kwa kidole, litaoza. Huonyeshwa kwa ngumi.

Zimwi likaja. "Bibi, matikiti yako wapi?" Akaonyesha kwa ngumi, likameza kumi. Kesho yake likauliza, akaonyesha, likameza yaliyobaki. Siku ya tatu likakuta majani matupu.

"Bibi, matikiti yako wapi?"

Alikuwa amechoka, hata kukunja ngumi hawezi. Akalinyooshea kidole tumboni.

"Yamo humo, baba."

Tumbo likaoza, zimwi likaanguka palepale. Siku ya saba mbegu zikachipua, bustani nzima. Bibi akazitazama, akashusha pumzi, akainama kuchukua ndoo.