Hodi ya Mwanahawa

Mbebwa hafungi mlango. Mmeisikia leo kwenye foleni ya maji, na sasa mnataka kujua nani aliyeianzisha. Sogeeni basi, na wewe mwenye uji usinimwagie. Methali hii ilianza hapa hapa, hosteli ya mwaka wa kwanza, na ilianza hivi.

Mwaka ule vitanda vilikuwa vichache kuliko wanafunzi. Subilaga, binti wa Tukuyu, alisoma orodha ya waliopata vyumba mara tatu, na jina lake halikuwemo. Akaketi juu ya begi lake, akalia. Akapita Mwanahawa, msichana wa Pangani asiyemjua hata kwa sura, akamwambia, "Dada, machozi hayana godoro. Njoo tubanane." Ndivyo Subilaga alivyokuwa mbebwa, maana hapa mtu akilala kitandani kwa mwenzake kwa kukosa chake, tunasema anabebwa.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mtu mmoja, kitanda cha futi tatu. Walilala mzungu wa nne, huyu kichwa huku, yule kule. Wiki ya kwanza Subilaga aliomba ruhusa hata ya kufungua dirisha. Wiki ya tatu, loo, alishahamisha meza, na wageni wa Mwanahawa akiwaamrisha wavue viatu. Mwanahawa akicheka tu. Lakini msidhani ni kiburi. Moyoni Subilaga aliogopa kila siku kwamba atakuja mwingine anayependwa zaidi, yeye arudi kwenye begi lake. Mjini hakuwa na ndugu. Akikikosa kitanda kile, masomo yangeishia hapo.

Alasiri moja, Mwanahawa akiwa darasani, mlango ukabishwa. Alikuwa Kabula, katoka Maswa, kachelewa wiki tatu kwa kumuuguza mama yake. Alikuwa amelowa mvua, ndoo mkononi.

"Nimeambiwa mwenye chumba hiki ana huruma," alisema.

"Mwenye chumba ni mimi," Subilaga akajibu, "na kumejaa." Akasukuma komeo.

Kabula akaifudikiza ndoo, akaikalia pale koridoni. Mwanahawa aliporudi alimkuta hapo, akamsikiliza mwanzo hadi mwisho. Akagonga mlango wake mwenyewe.

"Nimeshakwambia, mwenye chumba amekataa," sauti ikatoka ndani.

"Hodi, mwenye chumba," akasema Mwanahawa kwa upole. "Ni mimi, Mwanahawa. Natafuta wa kunibeba."

Kisha komeo likavutwa polepole, na Subilaga akasimama mlangoni, macho chini, aibu imemjaa.

"Nisamehe, dada. Niliona tukiwa watatu, wa kutolewa ni mimi."

"Nani kakwambia nitakutoa? Nilikubeba kwa kupenda, na nakupenda bado. Ila mbebwa hafungi mlango, Subi. Haya, shika upande huo wa godoro."

Wakalishusha sakafuni, wakalilalia kwa upana, vichwa na migongo juu ya godoro, miguu juu ya mkeka. Subilaga alilia kidogo, kisha akampa Kabula khanga yake kavu. Wakalala watatu, na hakuna aliyetolewa. Mwanahawa alikoroma kama kawaida yake.

Kabla wiki haijaisha, hodi ikapigwa tena. Mwanahawa hakuinuka. Alimtazama Subilaga tu. Na Subilaga, ambaye bado alikuwa na hofu yake ile ile, msidhani ilikuwa imekwisha, aliinuka akaenda kufungua. Nje palikuwa na msichana na begi lake, macho mekundu.

"Wewe ndiye mwenye chumba?" msichana akauliza.

"Hapana, mdogo wangu," Subilaga akasema. "Mimi nimebebwa. Ingia."

Ndiyo maana, wanangu, mbebwa hafungi mlango.