Jiwe la Pimbi

WARAKA NAMBA 11 WA KAMATI YA DUKA LA USHIRIKA, KIJIJI CHA MAJABALINI, KUHUSU UKUBWA, UZITO NA MWENENDO WA MAWE YANAYOWAKILISHA WANACHAMA KATIKA FOLENI.

Msicheke, watoto. Waraka huo ulipigwa mihuri miwili, ukabandikwa mlangoni kwa gundi ya uji wa muhogo, na panya wakausoma mpaka pembeni.

Hapo zamani, si zile za kale kabisa bali za kale kidogo, wanyama walikuwa na nyumba, na majiko, na kadi za uanachama, na wakiitana "ndugu" hata wakiwa wamenuniana. Kijiji cha Majabalini kilikuwa na duka moja la ushirika. Ndani mlikuwa na kaunta ndefu, mizani, na rafu tatu. Rafu ya kwanza ilikuwa na viberiti. Ya pili viberiti. Ya tatu ilikuwa ya akiba, kwa ajili ya viberiti vikizidi.

Sukari ililetwa na lori, na lori lilikuja lilipotaka.

Likisikika tu kwamba limetoka mjini, foleni ilianza. Lakini nani awezaye kusimama kutwa, na chungu kiko jikoni? Basi kila mmoja aliweka jiwe mahali pake akaenda zake. Jiwe la mtu lilikuwa mtu. Tembo aliweka jabali. Kiboko aliweka jiwe la kusagia la mkewe. Kima aliweka kandambili, ikakataliwa, maana waraka ulisema jiwe.

Sasa, juu kwenye miamba alikaa Pimbi, mnyama mdogo, mnene kidogo, asiye na mkia wa kujivunia. Mkewe alikuwa amejifungua watoto watatu, siku ya nne hiyo, na maziwa yalikuwa hayatoki. Mkunga alisema dawa ni moja: uji mwepesi wa pilipili manga, na sukari ya kutosha. Pilipili ilikuwepo.

"Baba watoto," alisema Bi Pimbi, "huu uji mkavu siuwezi. Naumeza, unarudi."

"Jikaze, mama."

"Nijikaze mpaka lini? Wananyonya, wanalia. Wananyonya tena, wanalia zaidi. Huyu mdogo tangu asubuhi hata kulia ameacha."

Pimbi akamtazama huyo mdogo. Kweli, alikuwa kimya. Akashuka mbio.

Kwanza alikwenda ng'ambo ya barabara. Mwezi ule ilikuwa imetoka amri mpya mjini kwamba anayetaka kufungua duka lake mwenyewe na afungue. Chui akawa wa kwanza. Lo, duka hilo! Sukari mpaka darini, sabuni za rangi nne, baiskeli imening'inizwa ukutani kama swala.

"Karibu mteja!" alisema Chui, akiinama. "Hapa hakuna foleni, hakuna kadi, hakuna kikao. Mteja ni mfalme!"

"Asante, ndugu Chui. Sukari kilo bei gani?"

Chui akataja. Pimbi akakaa chini kwanza.

"Basi nipimie kijiko kimoja tu. Nyumbani kuna mzazi."

"Hongera sana! Ila hatupimi vijiko, rafiki yangu. Mteja ni mfalme, na wafalme hununua kwa mfuko."

Pimbi akatoka. Upande huu wa barabara bei ilikuwepo, sukari hakuna. Upande ule sukari ilikuwepo, bei ndiyo hiyo ya kukaa chini. Na pande zote mbili wewe ni mnyama yule yule, umesimama katikati na mfuko mtupu.

Ndipo Kima akapita mbio akipiga kelele, "Lori! Kesho lori! Limeonekana darajani!"

Pimbi hakushangilia. Juma lililopita pia lori lilikuja, naye akaweka jiwe lake mapema. Katibu wa Duka alikuwa Ngiri, kalamu sikioni, mkia umesimama wima kila alipotembea kikazi. Ngiri aliliangalia lile jiwe, akasema, "Hili si jiwe. Ni kokoto. Waraka unasema jiwe," akalisukuma kwa pua, paa, mpaka mtaroni. Pimbi akalalamika kwenye kikao. Kikao kikapokea malalamiko kikayahifadhi. Ngiri naye akayahifadhi, ila moyoni.

Pimbi alihitaji jiwe kubwa, zito, na lenye akili. Akaenda kwa rafiki yake Kobe.

"Unataka nifanye nini?" Kobe aliuliza.

"Uwe jiwe langu."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima. Mimi niko jikoni, nabeba watoto, nachemsha maji. Lori likipiga honi nashuka."

"Na mimi napata nini?"

"Shukrani."

"Shukrani nimejaa tele. Nyingine?"

"Kikombe cha uji. Wa sukari."

Kobe akafikiri. Kobe hufikiri polepole, lakini akifika amefika. "Niache nianze kutembea sasa hivi," akasema, "ili kesho asubuhi niwe nimefika."

Asubuhi Kobe alikuwa wa kumi. Akaingiza kichwa, akaingiza miguu, tii! Jiwe. Nyuma yake, wa kumi na moja, akaja Bibi Nungunungu, mjane, mzee wa kuumwa mgongo. Yeye hakuweka jiwe kwa sababu hakuweza kubeba jiwe. Alijiweka mwenyewe. Akakaa chini na ukili wake, akawa anasuka mkeka, sindano akichomoa mgongoni. Nyuma yake foleni ilikuwa mawe matupu, ndefu, ikazunguka kona ya duka mpaka uani.

Ngiri akatoka na karatasi. "Tangazo! Sukari inayotarajiwa itatosha wanachama kumi wa mwanzo. Wengine mtapata maelezo."

Akaanza kukagua. Jabali la Tembo, sawa, shikamoo mzee. Jiwe la kusagia, sawa. Alipofika la kumi akainama. Ubavuni lilikuwa limeandikwa kwa mkaa: PIMBI.

"Aha!" alisema Ngiri. "Mlalamikaji ameleta jiwe kubwa. Basi likakae mwisho." Akaweka pua chini, kru, kru, kru, akalisukuma mpaka mwisho wa foleni, kule uani. Aliporudi akamwambia Bibi Nungunungu, "Sogea mbele, bibi. Wewe sasa ni wa kumi. Umebahatika."

"Ahsante, mwanangu," alisema bibi, akaendelea kusuka. Hakusogea.

Ngiri akavuka barabara kwenda kunywa chai kwa Chui, maana chai ya ushirika haikuwa na sukari.

Kule uani Kobe akatoa kichwa. Honi haikuwa imelia, lakini lori, loo, lilikuwa limeshafika! Limesimama nyuma kimya kimya. Magunia sita yakashushwa. Mawili yakaingizwa dukani. Manne yakafunikwa turubai, yakavushwa barabara, yakaingia kwa Chui.

"Kumbe," alisema Kobe. Akaanza kutembea.

Ngiri aliporudi, meno yakimeta siagi, alikuta jiwe la kumi liko la kumi. PIMBI.

"Hee?" Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Bibi, nani kaleta jiwe hili?"

"Mimi nasuka, mwanangu."

Kru, kru, kru, mpaka mwisho tena. Chai tena. Kobe naye njiani tena, anahema ndani ya gamba. Ngiri akarudi: PIMBI.

Hapo mkia ulilala. Ngiri akamtazama Bibi Nungunungu, akalitazama jiwe, akalizunguka mara mbili. Akajitia moyo, akapiga kelele, "Safari hii hata mwisho hukai! Toka kabisa!" Akalirusha pembeni, puu, kwenye nyasi chini ya dirisha. Kisha akageuka kumwita Mwenyekiti Nyati, aliyekuwa ofisini akipiga mihuri karatasi zilizokwisha kupigwa.

"Mwenyekiti! Njoo! Kuna jiwe lina utovu wa nidhamu!"

Alikuwa amewapa mgongo kwa muda wa kuhesabu kumi, si zaidi. Alipogeuka, jiwe lilikuwa mahali pake. La kumi. Kimya.

"Mama yangu!" alisema Ngiri, akaketi kwenye mtaro.

Nyati akaja, mkubwa, mzito, mwema, mpenda kanuni. Akasomewa habari. Akavaa miwani. Wanyama nao walikuwa wamesikia kelele, wakaja kila mmoja kutoka kwake: Tembo na jembe, Kiboko na povu la sabuni, Kima na kandambili.

"Ndugu wanachama," alinguruma Nyati, "tuko katika kikao cha dharura. Kuna jiwe hapa linadaiwa kutembea. Waraka hausemi jiwe lisitembee."

Kwa mngurumo ule Kobe, ndani ya gamba, alizinduka. Akasikia maneno "kikao" na "waraka," akajua wakati wake umefika. Akakohoa.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba kuzungumza."

Uwiii! Swala wawili wakazirai. Tembo akajificha nyuma ya Kima.

Nyati hakutikisika. Kanuni ni kanuni. "Ibara ya nne inasema jiwe lililowekwa katika foleni litahesabika kuwa ni mwanachama. Mwanachama ana haki ya kuzungumza. Zungumza kupitia kiti."

"Kupitia kiti," lilisema jiwe, "nimesukumwa mpaka uani mara mbili, na ninamshukuru Katibu kwa hilo, maana bila yeye nisingeona. Lori limekuja. Magunia sita. Mawili yako humu. Manne yako kwa Chui, chini ya turubai la bluu, karibu na baiskeli."

Zikalipuka sauti kama mvua ya mawe.

"Uongo huo!" alipiga kelele Ngiri. "Jiwe halina macho!"

"Jiwe ni mwanachama, na waraka huo wewe ndiye uliyeuandika," alisema Nyati. "Kuna anayeunga mkono hoja?"

"Naunga!" alisema Tembo kutoka nyuma ya Kima. "Naunga! Naunga!" Kiboko akaunga mkono mara mbili, kwa sababu ya povu hakuna aliyemwona mara ya kwanza.

Wakavuka barabara. Turubai la bluu lilikuwepo. Chui akainua mikono.

"Ndugu zangu, mimi ni mfanyabiashara! Nimeuziwa, nimenunua. Huria ni huria!"

"Umenunua sukari yetu kwa mlango wa nyuma," alisema Tembo, "utuuzie kwa mlango wa mbele." Akabeba magunia mawili mkongani, Kiboko mawili mgongoni. Chui akanywea, akaanza kupanga sabuni zake upya kwa rangi.

Sasa sukari ilitosha kila jiwe. Honi ikapigwa, paaa! Pimbi akashuka kutoka mwambani mfuko mkononi, asijue lolote.

"Ndugu Pimbi," alisema Nyati akimpimia mwenyewe, "hongera. Una jiwe lenye msimamo."

"Ahsante, Mwenyekiti. Nimelilea mwenyewe."

Jioni ile Bi Pimbi alikunywa uji bakuli mbili. Maziwa yakatoka. Yule mdogo akanyonya, akanyonya, kisha, wanangu, akalia! Pimbi akacheka mpaka akajikwaa kwenye chungu.

Kobe akapewa kikombe chake. Akanywa polepole, akalamba ukingo.

"Rafiki yangu," alisema Pimbi, "sina la kukupa zaidi ya asante. Kurudi mara tatu!"

"Mara mbili," alisema Kobe.

"Wanasema tatu."

"Mara ya kwanza nilitembea. Mara ya pili nilitembea. Ya tatu nilikuwa hoi, nikalala hata kabla sijarushwa. Nilipoamka nilikuwa wa kumi na Nyati ananguruma."

Wakatazamana. Kisha Pimbi akachukua bakuli, akajaza uji, akafunika kwa kawa, akashuka nalo mpaka nyumba ya mwisho, kwa mjane.

"Uji wa nini?" aliuliza Bibi Nungunungu.

"Wa mzazi, bibi."

"Mimi mbona sijazaa?"

"Kunywa tu, bibi."

Akanywa. Akarudisha bakuli, akashika tena ukili wake, naye Pimbi hakuuliza.

Miaka imepita. Ngiri alihamishwa, kama wanavyohamishwa, na leo ni meneja wa Chui. Duka la ushirika ni ghala la mkaa. Nyinyi mkitumwa sukari mnakwenda duka lolote mnalotaka na kurudi kabla maji hayajachemka, na mimi nashukuru, sitaki kurudi kwenye kuweka mawe. Nimeweka ya kutosha. Lakini huko dukani mkisukumwa kando hakuna atakayejua mlikuwa wa ngapi.

Basi funzo ni hili: rafu zikiwa tupu au zikiwa tele, mshukuru aliyekulindia nafasi yako.

Muhtasari wa kikao, uliopigwa mihuri miwili, unasema kwamba "jiwe la mwanachama Pimbi lilirejea mahali pake kwa nguvu zisizofahamika, na uchunguzi unaendelea." Ilivyokuwa ni hivi. Ngiri alipogeuka, Bibi Nungunungu aliweka chini ukili wake, akaenda kwenye nyasi, akalisukuma lile jiwe kwa mikono miwili mpaka mbele yake, naye akarudi kukaa wa kumi na moja, siku ambayo sukari ilitangazwa ya watu kumi.