Kinanda cha Mwalimu Zefrini

Sogeeni karibu. Aliyekuja na majibu yake tayari ayaweke mfukoni kwanza, maana leo msimulizi mwenyewe hana jibu. Nimelitafuta nikalikosa, na nimechoka kulibeba peke yangu.

Katika kijiji cha Mahumbi, huko kwenye milima ya kahawa ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi, waliishi watu watatu wenye vipaji. Wa kwanza alikuwa Menrad, fundi baiskeli. Huyo chuma kilimtii. Ukimpa kipande cha bati na waya, kesho yake anakurudishia kitu kinachofungua na kufunga, na anakutukana kidogo kwa kuuliza amekifanyaje.

Wa pili alikuwa Bibi Leokadia, mshonaji, mjane aliyeshona sare za kwaya tangu enzi za mapadre wazee. Kipaji chake kilikuwa vidoleni. Kitambaa kilichoshikana na kingine, uzi uliojifunga, karatasi zilizogandamana kwa unyevu, vyote alivitenganisha bila kuchana hata kimoja.

Wa tatu alikuwa Odilo, mnakili wa nota. Mahumbi hakuna mashine ya kutolea nakala, kwa hiyo kila wimbo ulioimbwa kanisani ulipita kwenye kalamu yake. Aliweza kuangalia ukurasa mara moja tu akasema, "Hapa watapotea," na kweli Jumapili wakapotea papo hapo.

Sasa kuna wa nne, na huyu ndiye mwenye hadithi. Mwalimu Zefrini Ndunguru alikuwa mpiga kinanda wa Mahumbi. Kinanda chenyewe kilikuwa chake, kile cha zamani cha kukanyaga kwa miguu ndipo kipate pumzi, zawadi ya padre mmoja aliyerudi kwao. Mwalimu alikuwa na udhaifu mmoja: kichwani hakikai kitu. Bila karatasi mbele yake hawezi kupiga hata wimbo alioutunga mwenyewe. Na mikono yote miwili ikiwa kazini, miguu yote miwili ikiwa kazini, nani atageuza kurasa?

Kwa miaka thelathini na mmoja aligeuza mkewe, Filomena. Alikaa kushoto kwake kwenye benchi, akavuta pumzi kidogo puani, halafu akageuza. Mwalimu hakuwahi kumwambia "sasa". Wala hakuwahi kumshukuru, maana nani anaushukuru mkono wake mwenyewe?

Filomena alipougua, Mwalimu alianza kumtungia wimbo. Ulikuwa wimbo mrefu. Kila alipomaliza kurasa mbili tatu alisogeza kinanda karibu na kitanda, na mama wa watu, amedhoofika hivyo hivyo, akanyoosha mkono kugeuza. Walifika ukurasa wa kumi na tisa. Wa ishirini hakuuona.

Mwalimu aliumaliza wimbo ule peke yake, na hakuweza kuupiga. Wanakwaya walijaribu kumsaidia. Walikuja mmoja baada ya mwingine kukaa pale kushoto, na kila mmoja aliondoka kabla ya ukurasa wa tatu. Wengine walichelewa kugeuza, lakini shida haikuwa hiyo.

"Mtu akikaa hapo nashindwa kupumua," Mwalimu alisema. "Msinione mbaya. Nashindwa kupumua, basi."

Ilipokaribia misa ya kumaliza mwaka, alisimama kanisani baada ya mazoezi, amekonda kiasi kwamba koti lilikuwa linamvaa yeye, akasema, "Kuna wimbo wa mke wangu haujafika mwisho. Yeyote atakayenifikisha mwisho wake bila kukaa kwenye benchi langu, kinanda hiki ni chake. Mimi sitakuwa na kazi nacho tena. Naapa mbele ya altare."

Mtu mzima akiapa namna ile humwambii atulie kwanza.

Menrad ndiye aliyemfuata nyumbani. Alizunguka kile kinanda mara mbili kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mwalimu, mimi nota sizijui. Lakini kitu cha kwenda na kurudi nakijua. Miguu yako inakanyaga, mikono inapiga. Goti je, ukilisukuma pembeni?"

"Pembeni linaweza."

"Basi goti ndilo litakalogeuza."

Alichukua njiti za gurudumu akazipinda ziwe mkono mwembamba wenye ndoana. Akaufunga kwenye ubao wa kuwekea nota, akauwekea springi ya kuurudisha, na kutoka hapo akashusha waya wa breki hadi kwenye kibao kando ya goti. Ukisukuma kibao, mkono wa chuma unakwenda kulia, unachukua karatasi, unailaza kushoto, unarudi. Waya ule ulitoka kwenye baiskeli yake mwenyewe, kwa sababu mwingine haukuwepo kijijini. Na fundi yule mwenye akili zote zile alipanda baiskeli asubuhi yake kuteremka mlima, akakumbuka katikati ya mteremko kwamba breki yake iko kwenye kinanda cha Mwalimu. Mguu ulivunjika mahali pawili. Ulifungwa vibaya, ukaunga vibaya. Menrad anatembea kwa magongo hadi leo.

Na mkono wa chuma ulishindwa. Karatasi za Mahumbi zimejaa ukungu. Ndoana ilichukua mbili, mara tatu, mara ikachana. Mwalimu aliinamisha kichwa juu ya vibao vya kinanda, vikalia vyote pamoja sauti mbaya.

Bibi Leokadia aliisikia kutoka uani kwake. Alikuja, akapapasa pembe za karatasi, akaguna.

"Chuma hakina vidole, Zefrini. Lazima karatasi yenyewe ikinyooshee mkono."

Alishona ulimi mdogo wa kitambaa kwenye ukingo wa kila karatasi, akaupiga wanga ukawa mgumu, akazipanga ndimi hizo ngazi ngazi ili ndoana ipate ulimi mmoja tu kila mara. Alihitaji kitambaa kizuri, maana cha kawaida kililegea kwa unyevu. Kizuri alikuwa nacho kimoja tu: shuka la kitani alilojiwekea sandukuni la kuzikiwa. Miaka kumi na minne alilitoa kila Pasaka, akalianika, akalikunja tena. Safari hii alilikata. Mkwewe alipomuuliza atazikwa na nini, alimjibu, "Nitazikwa na ninyi mkinitazama."

Sasa karatasi ziligeuka moja moja. Lakini wimbo ulikatika. Kila mwisho wa ukurasa ulimkuta Mwalimu katikati ya sauti, mikono bado inapiga na macho hayajui yaende wapi, na mahali pa kurudia nyuma chuma kilisimama tu, kwa kuwa chuma cha Menrad hakijui kurudi nyuma. Filomena alijua. Alijua kugeuza mapema kidogo hapa, kuchelewa kidogo pale, kurudisha kurasa nne kwa mpigo mmoja. Mwalimu alisema waache. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kufikia misa.

Odilo, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliziomba zile kurasa.

"Nitauandika upya, Mwalimu. Kila karatasi itakapogeuka, muziki utakuwa umenyamaza kidogo. Na palipoandikwa kurudia, nitakuandikia tena yote. Utakwenda mbele tu."

"Kwenda mbele tu," Mwalimu alisema. "Haya."

Kurasa ishirini na nane zikawa arobaini. Odilo hakubadili nota hata moja. Alibana hapa, akatanua pale, kila pumziko likaangukia mwisho wa karatasi. Kisha alibandika karatasi mgongo kwa mgongo zisipinde, zikawa ishirini ngumu, na Bibi Leokadia akahamishia ndimi zake kwenye karatasi hizo. Mkono wa Menrad ulizigeuza zote ishirini bila kukosea.

Jumapili ya misa, wanakwaya walikibeba kinanda hadi kanisani, na kanisa lilijaa. Mwalimu alikaa upande wa kulia wa benchi, kushoto akaacha wazi.

Alipiga. Goti likasukuma, chuma kikaenda, karatasi ikalala, chuma kikarudi. Kila mara alisubiri ile pumzi ndogo ya puani, na kila mara ukurasa uligeuka kabla hajaisikia. Alipofika mahali Filomena alipoishia, macho yalimwendea kushoto, lakini goti lilikuwa limeshasukuma, na chuma hakijui habari hizo, kikageuza. Akaendelea. Kutoka hapo alikuwa peke yake kabisa, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka nota ya mwisho, akaishikilia hadi miguu ikaishiwa nguvu na kinanda kikakata pumzi.

Watu walilia. Yeye hakulia. Alikuwa amejiambia mwaka mzima kwamba wimbo ukifika mwisho kifua kitafunguka, na kifua hakikufunguka. Alitazama benchi, akaelewa alichokifanya. Wimbo ambao haujaisha ndio kitu pekee kilichokuwa kimebaki ambacho yeye na mkewe walikuwa bado wanakifanya pamoja. Sasa ameumaliza, tena bila yeye. Hakuna tena cha kumalizia.

Alirudi nyumbani, kinanda kikibebwa nyuma yake, akazichukua zile karatasi azifungie. Alipoinua moja dirishani, mwanga ulipita, akaona nota nyingine ndani, zimegeuka kinyume, si za kwake. Akainua ya pili, ya tatu. Zote ishirini zilikuwa na wimbo mwingine katikati, umebandikwa kwa gundi uso kwa uso.

Watatu walifika mchana huohuo, Menrad akitangulia kwa magongo.

"Odilo, hizi ni nini humu ndani?" Mwalimu aliuliza kabla hawajakaa.

Odilo aliangalia chini. "Karatasi zilikuwa zimekwisha, Mwalimu. Nilikuwa na misa niliyoitunga mwenyewe. Nyuma yake kulikuwa kweupe."

"Nakala nyingine unayo?"

"Sina."

"Unaikumbuka?"

"Nitaikumbukaje? Sijawahi kuisikia. Mimi kinanda sina." Alikigusa kinanda pembeni. "Nikipewa hiki, nitaanza tena kutunga. Angalau safari hii nisikie ninachoandika."

Mwalimu alizitazama karatasi. Kuzibandua ili kupata misa ya Odilo ni kuuchana wimbo wa Filomena. Alizirudisha mezani taratibu.

Menrad hakutaka kuzungusha maneno. "Mimi baiskeli sipandi tena, na fundi asiyefika kwa watu hana watu. Nipe kinanda nikifungue. Nataka kuona pumzi inapita wapi. Nikielewa, nitatengeneza vingine, kila kijiji cha milimani kipate chake."

"Na ukikifungua usiweze kukifunga?"

"Inawezekana," Menrad alisema. "Sitakudanganya."

Bibi Leokadia ndiye aliyekaa bila kukaribishwa. "Mimi siku zangu zimekwisha, kinanda sijiombei mimi. Nawaombea wanawake wa kigango chetu cha bondeni. Mwaka huu tumezika watoto saba kule kwa surua, na tumewazika kwa sauti kavu, hata ngoma imepasuka. Nataka atakayezikwa baada ya hao apigiwe kitu. Usituonee haya, Zefrini. Uliapa mwenyewe, hatukukuapisha."

"Nikigawe vipi, Bibi? Kwa zamu?"

"Kikishushwa bondeni hakipandi tena, unajua mwenyewe mbao zake. Na huyu akikifungua, zamu ya nani tena?"

Bila chuma cha Menrad, pasingekuwa na cha kugeuza. Bila kitani cha Leokadia, chuma kingechana. Bila kalamu ya Odilo, karatasi zingegeuka na wimbo ungekatika. Mmoja alitoa mguu wake, mmoja shuka la kifo chake, mmoja misa aliyoitunga maisha yake yote na ambayo hajawahi kuisikia. Walichompatia ni siku ya huzuni kuliko zote tangu mazishi, lakini hilo si kosa lao, aliomba mwenyewe.

Sasa nawajua. Kuna mtu hapo nyuma anataka kuniambia Mwalimu abaki nacho. Hapana, aliapa mbele ya altare. Mwingine anataka kiuzwe. Nani Mahumbi anayenunua vinanda? Nimeyapitia yote hayo.

Mwalimu Zefrini alichukua ufunguo wa kinanda, akasimama nao pale mbele yao wote watatu. Na hapo kikamtokea kitendo cha mazoea, kitendo cha miaka thelathini na mmoja: akageuza uso kushoto. Mambo ya namna hii, nani apewe, nani aambiwe asubiri, yeye hakuwahi kuyaamua hata siku moja. Aliyaamua Filomena. Alikuwa akigeuka tu hivi, naye mkewe anamwambia.

Akageuka, akasubiri. Nao watatu wakasubiri.

Ndiyo sababu nimewaita. Yule pale hana mwingine wa kumuuliza, ameshika ufunguo. Haya, mwambieni ninyi: amkabidhi nani?