Siwema, Mjomba Fisi na Mzigo wa Dharura

Paukwa!

Pakawa!

Nimeita watu au nimeita visiki? Paukwa!

PAKAWA!

Haya, sasa najua mmekula. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna miwa huko nyuma, tafuna polepole, maana leo kuna mtu atazama mtoni na sitaki mkose kusikia makelele yake.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wanyama walikuwa na chuo chao. Kilikuwa ng'ambo ya mto Kifufu, juu ya kilima cha mawe mekundu. Twiga walisomea mvua, kwa sababu wao huyaona mawingu kabla ya mtu yeyote. Nyuki walisomea hesabu. Panya je? Panya hawakusoma. Panya walichimba mashimo tu, na kila masika mashimo yakabomoka.

Mwaka mmoja ikaja habari kwamba Siwema, binti wa Mama Panya Buku, amepata nafasi chuoni. Atasomea uchimbaji! Mama yake akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Lakini chuo kilikuwa na sheria. Jua likizama siku ya kufungua, lango linafungwa, na nafasi ya aliyechelewa anapewa mwingine. Hakuna cha samahani, hakuna cha nilikuwa njiani.

Sasa, kijijini kwao kulikuwa na desturi. Mtoto akienda mbali, kila jirani humpa kitu cha dharura, yaani cha siku mbaya, ile isiyopiga hodi. Na kitu hicho hakikataliwi. Ukikikataa umemtukana jirani, na siku shimo lako likibomoka usimtegemee.

Akaja Shangazi Tembo na blanketi. Blanketi la nani? La Tembo! Alipolitandaza likafunika mlango wa Mama Panya, likafunika na kichuguu cha jirani.

"Ukiumia, mwanangu, ufungie kidonda," akasema.

Akaja Baba Nyati na gunia la karanga. "Ukishikwa na njaa ugenini, utafune."

Akaja Bi Twiga na kamba. Kamba yenyewe ilifika, lakini mwisho wake ulikuwa bado uko nyumbani kwa Bi Twiga. "Ukitumbukia mahali, watu wakuvute."

Siwema akamnong'oneza mama yake. "Mama, mimi ni panya. Nitabebaje vyote hivi? Si nichukue kidogo kidogo?"

"Nyamaza, wanakusikia! Tembo akupe blanketi, wewe umkatie kipande umrudishie lililobaki? Uso wangu nitauweka wapi? Kutoa ni moyo. Pokea, useme ahsante."

Siwema akapokea, akasema ahsante. Akauvuta mzigo. Haukusogea. Akausukuma. Haukusogea. Akaukalia, akauangalia.

Basi nani akatokea? Fisi. Bwana huyo alikuwa ameshafika zamani, harufu ya karanga ilimwita.

"Mpwa wangu," akasema kwa sauti laini, "mjomba wako nipo. Mzigo nitabeba mimi. Ujira sitaki. Kitakachoanguka njiani tu, hicho ndicho changu."

Mama Panya akafurahi. Mnaona? Angemuuliza Fisi, "Kwa nini kianguke?" Hakuuliza.

Wakatandaza blanketi, wakaweka gunia juu yake, kisha wakazungusha kamba mzigo mzima, mara nyingi, mpaka ukawa kama kichuguu chenye miguu. Wakaondoka asubuhi na mapema.

Hawajafika mbali, Siwema akachomwa na mwiba. Damu ikatoka.

"Mjomba, nipe kitambaa nifunge mguu!"

Itikieni sasa. Blanketi liko wapi?

Chini ya karanga!

Karanga ziko wapi?

Ndani ya kamba!

Na kamba iko wapi?

Mgongoni kwa Fisi!

Basi ikafunguliwa ile kamba ya Bi Twiga, zungusha huku, zungusha kule. Likashushwa gunia. Likatolewa blanketi. Siwema akafunga mguu, akajikuta amefunga na tumbo, na shingo, pua peke yake ikabaki nje. Mpaka walipomaliza kufunga mzigo upya, jua lilikuwa utosini. Na karanga kadhaa zilikuwa zimeanguka. Fisi akazila. "Makubaliano ni makubaliano, mpwa wangu."

Wakaenda, wakaenda. Siwema akashikwa na njaa.

"Mjomba, nipe karanga japo kiganja kimoja!"

Karanga ziko wapi?

Ndani ya kamba!

Na kamba iko wapi?

Mgongoni kwa Fisi!

Ikafunguliwa tena. Siwema akala kiganja kimoja. Fisi akainamisha gunia kwa bahati mbaya. Bahati mbaya gani ile, mtu anainamisha gunia huku ameshafungua mdomo? Zikaanguka nyingi, akajiinamia, kazi ikaanza.

Siwema akaliangalia jua. Lilikuwa limeshaanza kuteremka. Akalia, akalia kwa kweli, maana nafasi yake ilikuwa inateremka pamoja nalo, na hakuna panya mwingine aliyewahi kuipata. Alipochoka kulia akajifuta macho. Akamtazama Fisi: kichwa chote kimo guniani.

Akakata kwa meno kipande cha blanketi, upana wa jani la mgomba. Akachukua karanga chache. Akaguguna ncha ya kamba mpaka kikakatika kipande cha kutosha kufungia mbuzi. Sasa aviweke wapi? Panya hana mfuko. Akavisokomeza mdomoni: kitambaa na karanga shavu la kulia, kamba shavu la kushoto. Mashavu yakanyooka, yakauma, yakakubali.

Fisi akainua kichwa. "Mpwa wangu, jino linakuuma?"

"Mm," akasema Siwema.

Wakaufunga mzigo tena, wakafika mto Kifufu. Siwema akaruka jiwe hadi jiwe, akavuka. Fisi naye akajitosa na mzigo wake. Katikati akateleza, chubwi! Blanketi likanywa maji. Lilikuwa na kiu ya Tembo, likanywa mpaka likawa zito kuliko Fisi mwenyewe.

"Nakufa! Nirushie kamba! Mpwa wangu, kamba!"

Jamani, kamba iko wapi?

MGONGONI KWA FISI!

Anazama na kamba mgongoni, anaomba kamba. Nacheka, lakini yeye hakucheka.

Siwema akatema kamba yake. Ncha moja akaifunga kwenye mzizi, ya pili akairusha. Ikafika puani kwa Fisi. "Ing'ate, Mjomba!"

Fisi akaing'ata. Lakini mzigo ukawa unamvuta chini.

"Chomoka kwenye mzigo!"

"Na karanga je?" akauliza Fisi, kwa meno yaliyofumbwa.

"Mjomba, unataka karanga au unataka kesho?"

Basi Fisi akafikiri. Alifikiri, jamani! Maji yako masikioni, mtu mzima anafikiri! Tamaa mbele, mauti nyuma. Maji yalipomwingia puani ndipo akajinyonganyonga, akachomoka mzigoni. Ukaenda na mto, blanketi, gunia na kamba.

Siwema akamvuta. Mguu wa Fisi ulikuwa umechunwa na mawe, akaufunga kwa kile kitambaa. Alikuwa anatetemeka, akampa zile karanga. Zote. Fisi akazitafuna kimya, na ilikuwa mara yake ya kwanza kula kwa aibu.

"Panda mgongoni," akasema. "Sasa ninaweza kukimbia."

Akakimbia, akikimbia anachechemea. Walipofika, Bwana Kanga, bawabu wa chuo, alikuwa ameshashika lango, na jua limebaki ukucha.

"Mwanafunzi huja na akiba ya dharura," akasema Kanga. "Ya kwako iko wapi?"

Siwema akafungua mdomo. Mashavu yalikuwa yananing'inia, matupu. "Imetumika yote, Bwana Kanga."

Kanga akamtazama, akamtazama na Fisi na mguu wake uliofungwa. Akafungua lango.

Fisi akarudi kijijini, akasimulia yote, hata yaliyomfedhehesha. Mama Panya akaenda kwa Shangazi Tembo, miguu mizito. "Shoga, blanketi lako limekwenda na mto. Kilichomfaa ni kipande tu, alikikata kwa meno."

"Kipande kilitosha?" akauliza Tembo.

"Kilitosha. Kilimfunga hata Fisi."

"Basi nilimpa lote ili kumfunga nani?" Tembo akacheka mpaka majani yakapukutika, na Mama Panya akacheka na kulia pamoja.

Tangu siku hiyo, mtoto akienda mbali, kila jirani hutoa kitu cha kutosha shavu. Na ndiyo maana panya buku mpaka leo ana mifuko mashavuni.

Nanyi mnaofunga safari kwenda vyuoni, sikieni: wingi si hoja. Dharura haikungoji ufungue mzigo. Akiba ni ile unayoifikia kwa mkono mmoja, na yule anayekupa, mpende, lakini umwambie ukweli wa mgongo wako.

Ngano yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, nyepesi tu. Aliyeichoka aiache palepale, kesho atapita mwenye njaa nayo.