Mrehani wa Bi Mkasi

Sogeeni karibu, nina kesi mkononi na hakimu sina. Ina watu watatu, kaburi moja, na bustani iliyopandwa kiangazi, wakati ambao mwenye akili zake huliweka jembe chini akasubiri mvua.

Upande wa Wete, kisiwani Pemba, aliishi mjane aitwaye Bi Mkasi. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na bustani ndogo: mchicha, bamia na bilingani upande wa jikoni, mawaridi na asumini chini ya dirisha la chumba chake. Vuli moja aliugua, akalazwa hospitali miezi miwili na nusu. Aliporudishwa nyumbani macho yake yalikuwa hayaoni tena, na bustani ilikuwa imekauka yote. Daktari alikuwa amewaambia watoto wake kwa upole kwamba mama yao hatafika masika. Siku ile ile aliyorudi, Bi Mkasi alinusa hewa ya dirishani, akauliza asumini yake imekwenda wapi.

Basi wajueni wenye kesi. Bikombo, binti yake wa kwanza, alikuwa na mkono wa kupanda. Watu wakimtania kwamba akichomeka mwiko ardhini utatoa majani. Faki, mwanawe wa kiume wa pekee, alikuwa na nguvu, gunia la karafuu kwake ni kama mto wa kulalia. Raya, mke wa Faki, alikuwa na subira. Na mtu mwenye subira, mnamjua, hasifiwi; huongezewa kazi tu.

Huyu Raya alifiwa na mama angali mdogo, na alipoolewa katika nyumba ile alidhani amepata mama mwingine. Bi Mkasi hakumtesa hata siku moja. Ila kwa miaka kumi na moja alimwita "mke wa Faki", kwa sauti ile ile anayoitiwa mpangaji. Raya aliitika "labeka, mama" kila mara, na kila mara kitu kilimchoma kifuani.

Wote watatu wakakubaliana: watapanda, kiangazi au si kiangazi.

Bikombo aliiacha nyumba yake Chake Chake majuma mawili, mume akinuna. Kila mtu alisema shina la asumini ni kuni. Yeye alilikwangua kwa ukucha, akakuta ukijani mwembamba chini ya gome, akalipogoa likabaki shubiri moja. Alichanganya udongo na samadi ya mbuzi, akaloweka mbegu za bamia, akasia mchicha. Siku ya sita mchicha ukachomoza, na shina lile likatoa jicho. Kisha akarudi kwake.

Faki alichukua maji. Kisima cha nyumbani kwao kiangazi huwa na chumvi, na maji ya chumvi huua mboga. Akawa anakwenda kwenye chemchemi ng'ambo ya bonde na madumu manne kwenye baiskeli, alfajiri na alasiri, siku hamsini hakukosa hata moja. Kilima kile hukipandi umekaa juu ya baiskeli, unaisukuma. Bega lake la kulia lilivimba. Alipoambiwa apumzike alisema atapumzika mvua ikinyesha.

Raya alibaki na bustani. Asubuhi aliezeka matuta kwa makuti, jioni akayaondoa miche ipate umande. Alipalilia kwa vidole, akaokota viwavi mmoja mmoja, akagombana na kuku wa mtaa mzima. Wiki ya tano upepo mkavu ulichukua makuti yote. Alifungua sanduku lake, akatoa doti ya kanga ya harusi yake, akaitandaza juu ya asumini na mchicha. Jua likaipausha mpaka maandishi yasisomeke. Hakumwambia mtu.

Siku ya hamsini asumini ikatoa maua saba. Bikombo akaitwa kutoka Chake Chake. Mchicha ukapikwa kwa nazi, na Bi Mkasi, aliyekuwa akikataa hata uji, alikula sahani nzima. Maua wakamwekea juu ya mto wa kulalia, karibu na shavu. Alinusa, akalia kimya kimya, halafu akauliza ni nani aliyempandia.

Hapo ndipo walipokosea. Watu wa nyumba ile walilelewa kwa adabu, na adabu ya kwao ni kwamba mtu hajitaji kwa wema wake. Raya alisema ni wifi yake. Bikombo akasema ni Faki. Faki akasema ni mkewe. Bi Mkasi akacheka kidogo, maana aliwajua.

"Basi mnajuana wenyewe," akasema. "Aliyenirudishia bustani yangu, huyo mmoja, ndiye atakayenipandia mrehani. Na huyo ni mwanangu kuliko wote."

Kesho yake mchana alifariki.

Ni lazima niwaeleze mila ya ukoo ule. Mrehani wa kaburini hupandwa siku ya arobaini, na hupandwa na mkono mmoja. Mkono huo ndio unaoumwagilia kila Ijumaa, na hakuna mwingine anayeugusa. Wanaamini mche wa mikono miwili hukauka, na marehemu akalala bila harufu.

Siku ya arobaini walikwenda makaburini. Bi Salme, mdogo wake marehemu, alibeba mche koponi. Aliwauliza ampe nani. Wale wale waliosukumiana sifa mama yao alipokuwa hai, sasa hakuna aliyerudi nyuma.

"Bila mkono wangu, mama mdogo, hawa wangemwagilia vumbi na kupalilia vumbi," alisema Bikombo. "Mimi nilimwacha mama miaka ishirini nikakaa kwa mume. Sina kingine cha kumpa."

Faki aliitazama mikono yake. Alisema mbegu isiyopata maji ni chakula cha sisimizi, jambo hilo hata mtoto analijua. "Lakini mikono hii ndiyo iliyomshusha kaburini na kumfukia," akasema. "Nataka imfanyie na jambo jingine baada ya hilo."

Raya alinyamaza mpaka wifi yake akamwambia aseme. Alikuwa amejiapia kutogombea kitu cha wenye mama yao. Ila alipoufumba mdomo aliona kwamba akinyamaza leo, amenyamaza maisha.

"Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana," alisema taratibu. "Wifi, ulipanda ukaenda. Mume wangu, ulileta maji ukaenda. Mchana kutwa nilibaki mimi." Akautazama mche ule koponi. "Nyinyi ni wanawe hata msipopanda kitu. Mimi nisipoupanda huu, nitabaki mke wa Faki."

Faki akainamisha kichwa, maana jina alilokuwa akilikimbia mkewe lilikuwa lake.

Bi Salme alinyoosha kopo upande mmoja, akalirudisha. Akalinyoosha upande wa pili, akalirudisha. Alikuwa akilia. Jua lilikuwa limepanda na majani ya mrehani yameanza kulegea.

Hapo wamesimama, nami nimewaletea kopo lao. Usiniambie wapande wote pamoja; mila yao umeisikia, na wosia ulitaja mwana mmoja. Je, wewe uliyenisikiliza, ungelikabidhi mikononi mwa nani? Na hao wawili wengine, ungewatazama vipi usoni?