Pembe ya Ardhi na Shingo ya Luhende

Hapo zamani, katika nchi ya Ulindwa, alitawala mtemi mmoja jina lake Masanilo, mtu mnene wa mwili na mwepesi wa hasira, aliyependa kuisikia sauti yake mwenyewe kuliko kitu kingine chochote duniani. Ukoo wake ulijiita watoto wa ndovu. Kila alipoketi barazani alikuwa akisema kwamba ndovu wa Ulindwa ni ndugu zake, na atakayemgusa mmoja wao amemgusa yeye. Maneno hayo yaliwapendeza sana wazee wa baraza. Lakini ndovu wenyewe hawakupata faida yake, maana walizidi kuuawa.

Basi Mtemi akatoa sheria: jangili atakayeua ndovu atachapwa viboko mbele ya watu. Baraza likasifu, na ndovu wakauawa. Akatoa nyingine: jangili atachomwa chapa ya moto usoni. Baraza likasifu zaidi, na ndovu wakauawa. Akasema jangili atakatwa mkono, na wazee wale, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kukatwa ukucha bila kulalamika, wakatikisa vichwa kwa raha kana kwamba wameonja asali. Ikawa mabwawa waliyozoea kunywea ndovu yamebaki na alama za kwato za mbuzi tu. Mwishowe Masanilo akapanda juu ya kichuguu na kutangaza kwamba aliyeua ndovu atakatwa shingo. Hapo baraza likaishiwa na sifa, likabaki kupiga makofi.

Ilikuwapo mila moja, hata hivyo, ambayo hakuna aliyeitaja siku za matangazo. Ndovu akiuawa huanguka ubavu, pembe moja ikalala juu ya ardhi na nyingine ikabaki juu. Tangu enzi za mababu, pembe ya juu ilikuwa ya mwindaji, na ile iliyogusa ardhi ilikuwa ya mwenye ardhi. Na mwenye ardhi ni Mtemi. Nayo iliitwa pembe ya ardhi. Sheria zilibadilika, mila haikuguswa, kwa kuwa wazee walisema mila si sheria, haifutwi kwa tangazo.

Basi jangili alimwua ndovu wake, akaipeleka pembe ya ardhi kwa mwanangwa wa kijiji, yaani mwakilishi wa Mtemi pale. Mwanangwa alichukua kidogo chake, kisha akaifikisha pembe kwenye mlango wa nyuma wa ghala la ikulu, na mtunza ghala, mzee Kapela, akaipokea bila kuuliza kama imeanguka kutoka mbinguni au imeota shambani. Walipofika wafanyabiashara wa pwani, Mtemi aliwauzia, akarudi barazani kuwalilia ndugu zake. Na machozi aliyatoa kweli, tusimsingizie.

Sasa, alikuwapo huko Ulindwa fukara mmoja jina lake Mabeho. Wengine walimwita mwendawazimu na wengine walimwita mkorofi, kutegemea nani kachomwa na ulimi wake siku hiyo. Hakuwa na ng'ombe wala jembe. Alikuwa na dada mmoja, Mbuke, aliyemlisha, na shemeji mmoja, Luhende, aliyemvumilia. Luhende alikuwa mtu mpole, mwindaji wa digidigi na sungura, na mwaka huo, uliokuwa wa njaa, alimwua ndovu mmoja kwa mshale wa sumu.

Kuua ndovu halikuwa kosa lililomponza, kwani wengi walikuwa wakiua. Kilichomponza ni kwamba aliliamini tangazo. Kwa kuiogopa shingo yake, hakuthubutu kupeleka pembe ya ardhi kwa mwanangwa. Alizificha zote mbili chini ya mtama ghalani mwake. Mwanangwa alipouona mzoga porini na hakuna pembe iliyoletwa, alishikwa na uchungu mkubwa kwa ajili ya ndovu, uchungu ambao hakuwa nao kwa wale wengine wote, akasaka nyumba kwa nyumba mpaka akazipata. Luhende akafungwa kamba, na pembe zote mbili zikaingizwa ghalani kwa Mtemi.

Mbuke akaja kwa kaka yake akiwa amejifunga kibwebwe, macho yamevimba. "Kaka, Luhende atakatwa siku ya gulio."

"Nchi nzima inaua ndovu, naye amekamatwa kwa kuogopa," akasema Mabeho. "Wasioogopa wako nyumbani wanakula."

"Maneno yako hayatamfungua kamba. Nina watoto, kaka. Nenda ukamwombe Mtemi, hata kwa kutambaa."

Mabeho alimpenda shemeji yake yule. Akaondoka kwenda ikulu.

Alipofika alikuta baraza limejaa, na mpiga mbiu akiitangaza upya sheria ya shingo ili watu waisikie vizuri kabla ya gulio. Mabeho akatafuta mahali pa kupiga magoti. Lakini mpiga mbiu aliposema kwamba sheria hii imewatia hofu majangili wote wa Ulindwa, kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Baraza zima likageuka.

Mtemi akasema, "Ni nani huyo anayecheka ninapotajiwa ndugu zangu waliouawa?"

"Ni mimi Mabeho, ewe Mtemi. Nimecheka kwa furaha. Sheria yako imemtia hofu mtu mmoja katika nchi nzima, naye ndiye huyo mliyemfunga."

Wazee wakatazama chini. Masanilo hakuelewa mara moja. Alipoelewa, shingo yake nene ilijaa mishipa. Akasema, "Wewe unajua kucheza na sheria. Vema. Siku ya gulio wewe ndiwe utakayeshika upanga. Utamtimizia shemeji yako hukumu kwa sheria yangu na kwa mila za babu zangu, zote mbili, usipunguze wala usizidishe. Ukikosea kimojawapo, shingo yako itafuata yake. Ukikataa, itatangulia."

Baraza likasifu. Mabeho akarudi njiani akiwa na hofu, wala hakuna haja ya kumsitiri, maana mtu asiyeogopa upanga hana akili, na yeye akili alikuwa nayo. Akaketi kando ya kisima akiyarudia maneno ya Mtemi mmoja mmoja: sheria yangu na mila za babu zangu, zote mbili. Aliyarudia mpaka wanawake waliokuja kuteka maji wakaanza kumwonea huruma. Kisha akainuka, akaenda kumwambia dada yake apike, kwa sababu mumewe atarudi na njaa.

Siku ya gulio uwanja ulifurika. Wauza chumvi na wauza mbuzi waliacha biashara zao, na Mtemi akaletewa kigoda chake cha enzi, akaketi mbele ya wazee wake. Luhende akaletwa akiwa amefungwa kamba. Mbuke alisimama pembeni na watoto, amewaziba macho kwa kanga yake. Mabeho akaupokea upanga kwa mikono miwili, akainama kwa adabu sana.

"Ewe Mtemi, ni kwa sheria yako na kwa mila za babu zako?"

"Zote mbili," akajibu Mtemi. "Usipunguze wala usizidishe."

"Naam." Akamgeukia Luhende. "Shemeji, lala ubavu, kama alivyoanguka ndovu." Luhende akalala ubavu juu ya mavumbi, akafumba macho. Mabeho akawageukia wazee. "Enyi wazee wangu, ninyi mnaojua mila, nifundisheni mimi mjinga. Ndovu akilala hivi, upande wa juu ni wa nani?"

"Wa mwindaji," wakajibu, maana swali lilikuwa jepesi na wao walipenda maswali mepesi.

"Na upande uliogusa ardhi?"

"Wa Mtemi," wakajibu, lakini wachache tu, kwa sauti ndogo.

"Mzee Kapela, na ndovu huyu wa Luhende, pembe ya ardhi umeipokea ghalani?"

Kapela akamtazama Mtemi, akatazama umati, akaona hakuna pa kupita. "Nimeipokea."

"Basi mambo ni mepesi," akasema Mabeho, akauweka ubapa wa upanga juu ya shingo ya shemeji yake. "Ndovu ni mmoja na mauaji ni mamoja. Luhende alipata nusu na Mtemi akapata nusu, na sheria inadai shingo. Nitakata upande wa juu, ambao ni wa Luhende, mpaka katikati. Hapo nitasimama. Kutoka katikati kwenda chini ni upande wa ardhi, nao ni wa Mtemi. Nikiukata upande huo kwa Luhende nitakuwa nimemtoza mtu deni la mwenzake, nami nimeagizwa nisizidishe. Nikiuacha, nitakuwa nimepunguza. Kwa hiyo namwomba Mtemi ashuke alale hapa kando yake, ili upande wake nao utimizwe."

Mwanamke mmoja muuza chumvi akacheka, na kicheko kikaenea kutoka kwake mpaka nje ya uwanja.

Mtemi akanguruma, "Mgeuze huyo. Akatwe upande wa pili."

Mabeho akamgeuza Luhende kwa upole. "Amegeuka, ewe Mtemi. Sasa upande uliokuwa wa juu ndio uliogusa ardhi. Nao umekuwa wako."

"Basi msimamishe akatwe wima."

"Mila za babu zako hazimjui ndovu aliyekufa wima. Wazee, mnamjua?"

Wazee walikuwa wanachunguza vidole vya miguu yao. Watu walikuwa wanacheka sasa bila kujificha, na kicheko hicho hakikuwa cha furaha; kilikuwa na kinyongo cha miaka mingi ndani yake. Masanilo akawatazama mmoja mmoja, akaona kwamba hakuna hata mmoja asiyejua habari za mlango wa nyuma, na kwamba hakuwahi kuwapo asiyejua. Sauti yake ikapungua.

"Nimeisamehe nusu yangu ya shingo," akasema.

"Hiyo ni huruma kubwa," akajibu Mabeho. "Lakini nusu ya shingo na pembe ya ardhi ni kitu kimoja. Aliyeachilia moja ameachilia na nyingine. Je, Mtemi ameachilia pembe ya ardhi, hii na zijazo?"

Mtemi alikuwa akiwawaza wafanyabiashara wa pwani, hilo lilionekana usoni pake. Hatimaye akasema, "Nimeachilia," kama mtu aliyeng'olewa jino. Kisha, kwa kuwa umati ulikuwa bado unamtazama na alitaka aonekane mkubwa, akajilazimisha kucheka, akasema Luhende afunguliwe na Mabeho aombe zawadi.

Mabeho akaomba mlango wa nyuma wa ghala uzibwe kwa udongo, na kwamba jangili atakayekamatwa tangu siku hiyo asikatwe kitu, bali achimbe mabwawa ya ndovu yaliyofukiwa na mchanga. Wazee wakanong'onezana kwamba adhabu hiyo ni ya kitoto, haitamtisha mtu. Mtemi akakubali ili aende zake.

Basi mlango ukazibwa. Wanangwa, ambao walikuwa vipofu porini kwa miaka yote ile, walipoona hawapati kidogo chao wakaponywa macho kwa ghafla. Wakaziona nyayo, wakaona mizoga, wakawajua kwa majina majirani waliokuwa wakila nao. Aliyeua ndovu alikamatwa, na aliyefuata alikamatwa, na wote wakapewa majembe. Kuchimba bwawa juani kila mtu akikutazama hakukumwua mtu yeyote, lakini ikawa majembe hayo yalianza kukaa bila wachimbaji. Ndovu wakarudi kunywa.

Baada ya hapo wazee wa baraza walikutana, wakaona jambo hilo halifai kupita hivihivi. Wakamwita mtunga nyimbo wa ikulu, naye akatunga wimbo mrefu wa kuusifu upanga mkali wa Mtemi Masanilo, ambao kwa kutisha kwake uliwaokoa ndovu wa Ulindwa. Uliimbwa katika kila gulio. Mabeho aliusikia akiwa amekaa kwa dada yake, Luhende akimmiminia pombe ya mtama, na alipoulizwa mbona haendi kuwasahihisha akajibu, "Waache waimbe, shemeji. Wakiwa wanaimba hawatungi sheria."