Uji Uliopoa

Hapo zamani, si zamani za wafalme bali zamani za juzijuzi, sinema zilipokuwa zimekwisha kupanda hata huku milimani, aliishi mjane mmoja katika kijiji cha Kwemboza. Jina lake Bi Mwajabu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Tunu, na Tunu aliondoka. Waligombana kwa ajili ya mwanamume ambaye mama hakumtaka. Tunu akafunga nguo zake ndani ya kanga, akashuka mlima bila kuaga. Bi Mwajabu akabaki peke yake.

Watoto wa majirani wakawa wanamjia jioni kusikiliza hadithi, na waliyoitaka ilikuwa moja, ileile aliyokuwa akimsimulia Tunu: ya binti aliyemfuata ndege hondohondo mweupe mpaka nchi iliyo ndani ya ukungu, ambako watoto hupanda migongo ya ndege na taa huimba. Binti akacheza huko hata akasahau kwao. Siku aliyorudi alimkuta mama jikoni, na uji aliouacha bado unatoa mvuke.

"Kunywa, mwanangu," mama akasema. "Hujachelewa."

Watoto wakicheka, wakienda makwao. Bi Mwajabu akifunga mlango, akibaki peke yake.

Mmoja wa watoto wale, Mhina, alikua akawa mwongozaji wa filamu. Akarudi Kwemboza na kamera.

"Shikamoo, bibi. Nataka hadithi yako niifanye filamu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ifanye. Ila usinivunjie."

Mhina alikuja na mwigizaji wa kuwa mama wa yule binti. Aliitwa Chausiku, hana baba hana mama, kalelewa nyumba hii mwaka huu na nyumba ile mwaka ujao. Akaomba alale kwa Bi Mwajabu ili amsome anavyoishi. Akapewa kitanda cha Tunu. Wakalima pamoja, wakapika pamoja, mpaka Chausiku akajua hata ile tabia ya Bi Mwajabu ya kulifuta bakuli kwa pindo la kanga, kisha kulibana shavuni kupima joto. Msimu ule wa mvua, katika nyumba ile vilisikika vicheko.

Filamu ikakamilika, ikaonyeshwa kwanza Kwemboza, katika darasa lililozibwa madirisha kwa mablanketi. Watu wakaona hondohondo akiruka, wakasikia taa zikiimba, wakapiga vigelegele. Kisha binti akarudi nyumbani. Jiko limepoa. Uji umekauka bakulini. Mama yuko kaburini, nyuma ya nyumba.

Bi Mwajabu akasimama.

"Mhina, umeniua."

"Bibi, yule ni mama wa kwenye hadithi."

"Mama wa kwenye hadithi ni mimi! Nani hapa hajui?"

Tangu siku ile hakuna aliyeitikia salamu ya Mhina. Akashuka mlima peke yake, hata mama yake mzazi hakumsindikiza.

Filamu ikaenda mji kwa mji, ikafika mbali, alikokuwa Tunu. Mumewe alikuwa amefariki, naye amebaki na kitoto kichanga ambacho hata jina hakijapata, kwa kuwa hapakuwa na ndugu wa kukipa. Siku moja aliingia ukumbi wa sinema kukwepa jua, akaiona filamu ile. Alipotoka, alikwenda moja kwa moja stendi ya mabasi.

Alifika Kwemboza asubuhi. Bi Mwajabu alikuwa akifagia uwanja. Ufagio ukamponyoka.

Chausiku alikuwa bado hapo. Aliwatazama wakikumbatiana, akaingia ndani, akakiondoa kifurushi chake juu ya kitanda cha Tunu.

Sasa, Kwemboza walikuwa na desturi. Anayemrudisha aliyepotea hupewa mtoto wa nyumba ile ampe jina, na mtoto huyo akikua humtembelea kama mzazi wake, na humzika akifa. Tunu alipoitaja filamu, Mhina akaitwa. Watu wakakusanyika.

Bi Mwajabu akasema, "Hadithi ni yangu. Bila hadithi, filamu ingetoka wapi? Na mlango wangu sikuufunga kwa ufunguo hata siku moja."

Mhina akasema, "Bibi, mimi nimewapoteza ninyi nyote kwa ajili ya mwisho ule. Sina mke, sina mtoto. Ningeuacha uji uwe moto, Tunu angekuwepo hapa?"

Chausiku akasema polepole, "Mimi nilipata mama kwa msimu mmoja. Leo nimemrudishia mwenyewe. Sasa nani ananijua?"

Wakamgeukia Tunu. "Sema wewe. Nani amekurudisha?"

Tunu akalia kwanza. Kisha akasema, "Mama, hadithi yako nilikwenda nayo, ndiyo iliyoniambia kwetu nitapokelewa. Lakini kila nilipotaka kurudi nilijiambia uji bado moto, sijachelewa, nikakaa tena. Kaka Mhina, mwisho wako ulinitia hofu kama maji ya baridi. Lakini hofu peke yake ingenifukuza. Ningesema mama amekwisha kufa, narudi kwa nani? Dada Chausiku, ulipoliweka bakuli lile shavuni, nilijua umefundishwa na mama, na nilijua yu hai. Ila kama si hadithi yake na mwisho wa kaka, mimi na wewe tungekutana wapi?"

Alikuwa amesema yote, na hakuwa amemchagua mtu.

Bi Mwajabu akanyoosha mikono. Mhina akanyoosha mikono. Chausiku alibaki mlangoni na kifurushi chake, naye, taratibu, akanyoosha mikono. Mtoto yuko katikati analia, hajui amwitikie nani.

Msinitazame mimi, mie kazi yangu kusimulia. Semeni nyie mlioketi hapa: je, nani alistahili kumpa mtoto yule jina?